MCV: Ukubwa wa Chembe Nyekundu Unavyopimwa na Unavyosomwa

"Damu yako iko ngapi?" Ndilo swali la kwanza analoulizwa mgonjwa akitoka maabara, na jibu lake huwa namba moja: 7, 9, au 12. Hicho ni kiwango cha himoglobini. Kinakwambia damu imepungua, ila hakikwambii imepunguzwa na nini. Sababu huanza kujitokeza mistari michache chini yake, penye herufi MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe moja nyekundu. Kwa mtu mzima kawaida yake ni femtolita 80 hadi 100. Chukua lita moja, uigawanye mara bilioni moja, kisha kila kipande ukigawanye tena mara milioni moja: hiyo ndiyo femtolita.

Kitu kidogo kiasi hicho hupimwaje? Mwishoni mwa miaka ya 1920, Maxwell Wintrobe, daktari aliyekuwa New Orleans, alikifikia kwa mrija na hesabu ya kugawanya. Damu iliwekwa kwenye mrija mwembamba wenye alama, ikazungushwa kwa kasi mpaka chembe zikatuama chini, ndipo ikasomwa zimejaza asilimia ngapi. Idadi ya chembe ilipatikana kwa kuzihesabu kwenye darubini. Ikiwa zimejaza asilimia 30, na idadi yake ni milioni 4.6 kwa kila maikrolita, basi kila chembe ina wastani wa femtolita 65. Hesabu ni sahihi, lakini ilitegemea jicho la mtu, na jicho huchoka.

Mwaka 1953 Wallace Coulter wa Marekani alipewa hataza ya njia nyingine. Chembe huelea katika maji ya chumvi yanayopitisha umeme, zikavutwa kupita moja moja kwenye tundu dogo sana. Chembe nyekundu haipitishi umeme vizuri. Inapoingia tunduni husukuma kando maji yanayolingana na ujazo wake. Ukinzani wa umeme hupanda kidogo, kisha hushuka. Kila mpando ni chembe moja, na kimo cha mpando ni ukubwa wake. Kwa sekunde chache mashine huwa imepima maelfu. Kwa hiyo leo hesabu imegeuka: mashine za namna hii hupima ukubwa wenyewe, na ile asilimia ya Wintrobe ndiyo inayokokotolewa.

Chembe huwa ndogo pale kiwanda chake, uboho, kinapokosa madini ya chuma ya kutengenezea himoglobini. Minyoo ya safura ikinyonya damu utumboni mwezi baada ya mwezi, chuma huisha na MCV hushuka chini ya 80. Ukosefu wa folati au vitamini B12 hufanya kinyume chake: chembe changa hushindwa kugawanyika kwa wakati huku zikiendelea kukua, zikatoka kubwa, MCV ikapita 100.

Sasa mfikirie mjamzito aliyekosa vyote viwili, chuma na folati. Nusu ya chembe zake ni ndogo, nusu ni kubwa, na karatasi inaandika MCV 88. Namba safi kabisa! Anayeishia hapo atasema ukubwa wa chembe hauna tatizo. Lakini mstari wa RDW, unaoonyesha chembe zinavyotofautiana ukubwa, unasoma 22 wakati kawaida haizidi 15 hivi. Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wa maabara na kliniki: MCV ni wastani, na wastani hauaminiki peke yake.

Jirani mwingine wa kuangaliwa ni idadi ya chembe. Turudi kwa yule wa mfano wetu wa kwanza, mwenye MCV 65 na chembe milioni 4.6: gawanya 65 kwa 4.6, unapata 14. Mwingine ana MCV 62 lakini chembe milioni 5.8, kwake inakuja karibu 11. Ikizidi 13, upungufu wa chuma ndio unaoshukiwa kwanza. Ikiwa chini, fikiria talasemia ya kurithi, ambayo aina yake ya alfa ni ya kawaida katika pwani yetu. Ni dokezo tu, na kipimo cha feritini ndicho kitakachoonyesha akiba ya chuma. Hata hivyo dokezo hilo linaweza kumwepusha mtu na miezi ya vidonge vya chuma asivyovihitaji.

Dawa nazo huacha alama. Mwenye selimundu anayemeza haidroksiurea, au anayeishi na VVU aliye kwenye zidovudini, MCV yake hupanda. Daktari anayejua hilo hashtuki. Kwake ni ishara kwamba dawa inamezwa. Pombe nyingi na ugonjwa wa ini pia huipandisha.

Na kabla ya kumlaumu mgonjwa, ulizia kichupa. Damu iliyokaa saa nyingi kwenye joto, ikisubiri gari la kuipeleka hospitali ya wilaya, chembe zake hufura, na mashine hupima kwa uaminifu chembe zilizofura.

Kwa hiyo ukipewa majibu, usiondoke na namba moja kichwani. Omba karatasi yenyewe, itunze, na siku ya kupima tena uende nayo. Muulize daktari: MCV yangu ni ngapi, RDW ni ngapi, na mara iliyopita zilikuwa ngapi?