Barua ya Marehemu: Tafakari juu ya Tamthiliya ya Orodha

Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa mwaka 2006, imesomwa kwa miaka mingi katika shule zetu za sekondari. Wengi waliopita madarasani wanaikumbuka kwa ajili ya mtihani: dhamira, wahusika, ujumbe. Katika makala haya tunakusudia kuisoma kwa jicho la mchungaji aitwaye kumzika kijana. Swali letu ni moja: je, kijana anayekufa katika kitabu hiki ni mtu, au ni onyo tu?

Kisa chenyewe kinafahamika. Furaha, msichana wa kijijini, anavutwa na starehe, anaambukizwa virusi vya UKIMWI, anaugua na kufa. Kabla ya kufa anaandika barua, na habari zinaenea kwamba ndani yake mna orodha. Wanaume kadhaa wanatetemeka, kila mmoja akidhani jina lake limo. Mmoja wao ni Padri James. Barua inaposomwa, orodha inaonekana haina jina la mtu hata mmoja. Ni orodha ya mambo ambayo, kama angeyapata mapema, yangeweza kuyaokoa maisha yake.

Ubora wa kazi hii unaonekana tukiilinganisha na Kilio Chetu, tamthiliya iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990. Humo Joti anakufa, na Anna anabaki na mimba na maradhi, kwa kuwa wazazi waliona haya kuwafundisha watoto wao. Hoja ni ya kweli, lakini wanaoshindana kwa maneno zaidi ni watu wazima, na kijana anabaki kuwa ushahidi wa mabishano yao. Reynolds amefanya jambo tofauti. Amemkabidhi mgonjwa kalamu, na waliokuwa wakimsema wanalazimika kunyamaza na kumsikiliza.

Sisi tunaoifahamu Tabora na njia ya zamani ya misafara tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Oktoba 1873 Susi, Chuma na wenzao walifika Unyanyembe wakiwa wamebeba mwili wa David Livingstone, pamoja na maandishi yake. Cameron, Mwingereza waliyemkuta huko, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea mpaka pwani, na Aprili 1874 marehemu akazikwa London. Lakini katika njia hiyo hiyo wapagazi wengi, vijana wenye nguvu wa Kinyamwezi na wa makabila mengine, waliugua na kuanguka. Wao hawakuacha karatasi, na kama waliacha neno la mwisho, halikupata wa kulibeba. Mzigo ulihamishiwa bega jingine, msafara ukaendelea.

Furaha ni wa ukoo wa hao wasio na karatasi. Kwa desturi ya vijiji vyetu angezikwa kwa minong'ono, ugonjwa wake ukitajwa kwa mafumbo. Tamthiliya inampa barua, na inampa mama anayesimama imara ili isomwe mbele ya watu. Mama huyo ndiye mpagazi wa kweli katika kitabu hiki, kwani analibeba neno la mwanawe hadi kwa wale wasiotaka kulisikia.

Hapa kanisa linaguswa. Yako makanisa ambayo wasomaji wake wangependa kumwona Padri James kama tusi kwa watumishi. Kwa mtazamo wetu, si tusi bali ni kioo. Luther alifundisha huko Heidelberg mwaka 1518 kwamba mwanateolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake halisi. Katika mazishi haya aliyevaa joho anaogopa majina, na msichana aliyehukumiwa na wote ndiye anayesema kweli pasipo kulipiza kisasi. Vivyo hivyo katika Ayubu 42 Mungu anawakemea marafiki waliomtetea kwa hoja zao, na kumthibitisha mgonjwa aliyelia mbele zake.

Hata hivyo, kazi hii ina mapungufu mawili. Kwanza, barua ya Furaha inafundisha kuliko inavyolia. Tungependa kusikia pia hofu yake ya usiku na maombi yake, kama Zaburi ya 88 inavyothubutu kufanya, ambayo haimalizikii katika faraja. Mwandishi amemwokoa msichana asiwe onyo la watu wengine, halafu karibu amfanye mwalimu wao.

Pili, tamthiliya inasawiri wakati ambapo kuambukizwa kulihesabiwa kuwa ni kufa. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa taifa, hali imebadilika sana. Mwalimu aisomapo Orodha na asilitaje hilo anaweza kumhukumu kifo mwanafunzi aliyezaliwa na virusi, ameketi dawati la tatu, anameza dawa kila siku na ana haki ya kutazamia uzee. Kitabu kilichoandikwa ili kuvunja ukimya kisitumiwe kuongeza hofu.

Hivyo basi, tunawashauri wachungaji wanafunzi waisome tamthiliya hii kabla ya kuandaa hotuba ya mazishi ya kijana yeyote, awe amekufa kwa UKIMWI, saratani au selimundu. Wajiulize kama marehemu aliwahi kuulizwa lolote alipokuwa hai. Luka 7 inasimulia kwamba Bwana alipoligusa jeneza nje ya mji wa Naini, yule kijana aliketi akaanza kusema. Luka hakuandika alisema nini. Sisi tunaowatembelea vijana wagonjwa tunayo nafasi ya kuyasikia maneno yao wangali hai, na tusingoje mpaka yasomwe kaburini.