Fizikia Huachwa Januari

Mtoto akifika kidato cha nne anajaza Selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, anaandika PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na nyumbani wanaanza kumwita daktari. Kama Fizikia aliiacha alipoingia kidato cha tatu, PCB hiyo ni wino tu. Mlango ulifungwa mwaka uliotangulia, siku ambayo hakuna aliyeiona kuwa siku kubwa.

Nilifundisha katika shule moja ya kata, na utaratibu wetu wa zamani ulikuwa huu. Matokeo ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hutoka Januari, shule zikifunguliwa. Mwalimu wa taaluma alichukua orodha akapiga mstari kwenye 45, yaani pale C inapoanzia. Waliovuka, sayansi, waliobaki, sanaa. Asubuhi moja kazi imekwisha na karatasi iko kwenye ubao wa matangazo. Wapo waliokwama kwenye 44. Wapo pia waliopata 70 wakakimbilia sanaa kwa kuwa marafiki wote wako huko, nasi hatukuwauliza.

Tulianza kwa kubadili tarehe. Shughuli ikahamia Agosti, mwanafunzi akiwa bado kidato cha pili na mtihani uko mbele yake. Kisha tukaigeuza njia, tukaisoma kuanzia mwisho: kazi, kozi, tahasusi, somo. Anayetaka udaktari alifunguliwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) akaona kwamba shahada hiyo inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Akashuka kwenye PCB, akashuka tena kwenye masharti ya kidato cha tano, yanayotaka C zisizopungua tatu. Mwisho akaliweka mezani daftari lake mwenyewe la Fizikia. Hapo mwalimu alinyamaza. Mtoto alikuwa anaiona mwenyewe ngazi iliyolegea, na alikuwa na miezi kadhaa ya kuigongomea misumari.

Tuliwaita na wazazi, Jumamosi mbili. Ya kwanza ilituharibikia: tuliongea sisi tu, wao wakaitikia "sawa mwalimu" na kwenda zao. Ya pili tukampa kila mwanafunzi dakika chache amweleze mzazi wake njia aliyoichora, sisi tukakaa pembeni. Baba mmoja aligundua siku hiyo kwamba mwanawe hataki uhandisi, na hajawahi kuutaka.

Kazi hii imekuwa nzito zaidi tangu 2024, tahasusi zilipopanda kutoka 16 hadi 65. Zile za zamani mwalimu alizijua kwa kichwa. Sasa zimo za michezo, muziki, Kichina na masomo ya dini, nami nimekutana na walimu wa ushauri nasaha wasioweza kutaja hata nusu yake. Sishangai.

Mbali na masomo, kwenye uongozi wa wanafunzi ndiko nilikojifunza zaidi, maana hatukutarajia kitu. Serikali ya wanafunzi kwetu ilikuwa tuzo: anayeongoza darasani ndiye kaka mkuu, binti mpole mwenye Kiingereza kizuri ndiye dada mkuu, na kazi ya viranja ni kuandika majina ya wapiga kelele. Walimu walichuja wagombea mpaka uchaguzi ukawa sherehe tu. Tulipunguza mchujo, tukaacha kampeni ziwe kampeni, na kila cheo tukakipa kazi yenye karatasi. Kiranja wa chakula alipokea maharage na unga kwa kilo, akaandika kilichoingia na kilichotoka. Wa afya alihesabu walioumwa kila wiki. Wa mazingira alipima bustani na kupanga zamu za maji. Dada mkuu akapewa vikao vyake vya kuendesha, badala ya kuwa msaidizi wa kaka mkuu. Anayemaliza muda alikabidhi daftari, na asiyekuwa na daftari hakuagwa kwa makofi.

Madaftari hayo yakatuambia mambo ambayo alama za mtihani hazikuyasema. Kiranja wa chakula alikuwa kijana wa wastani, hesabu za darasani zilimchosha, lakini stoo yake haikupotea kilo. Tulipokaa naye kuchagua masomo, tuliliweka daftari la stoo kando ya ripoti yake. Alichukua Uwekaji Hesabu na Biashara, bila kubembelezwa. Tangu hapo cheo kikawa sehemu ya ushauri wa masomo, na tukaweka sharti la mtu mmoja cheo kimoja, baada ya kuona mwenye vyeo viwili akisinzia kila kipindi cha mchana.

Gharama ya yote haya ilikuwa kaunta buku chache na Jumamosi mbili. Hakuna shule inayoshindwa hapo. Tulikoshindwa sisi ni kwingine: mwaka uliofuata mwalimu wetu pekee wa Fizikia alihamishwa, na wanafunzi tuliowashawishi wasiiache walisoma muhula mzima kwa kufundishana.