Kabureta Mpya kwenye Injini ya Zamani: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Fundi akishafunga kabureta mpya, hupiga resi mara mbili tatu, injini ikanguruma, mteja akaridhika na kulipa. Kesho yake pikipiki inazimika kwenye foleni, na baada ya wiki inakula mafuta kuliko zamani. Kelele ya kupanda haithibitishi kitu, kwa sababu karibu injini yoyote nzima itapanda ikimiminiwa petroli. Mjuzi husikiliza inavyoshuka.

Jaribio ni hili. Injini iwe imepata moto vizuri na choki haitumiki. Vuta mafuta kidogo, kisha achia ghafla. Kazi ikiwa safi, mlio hushuka mara moja na kutulia. Ukining'inia juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kushuka, mafuta ni machache au kuna hewa inayopenya mahali isipotakiwa. Ukishuka kupita kiasi, karibu kuzima, kisha ukajiinua wenyewe, mafuta ni mengi. Hakuna kifaa kinachohitajika hapo, ila sikio na subira.

Chukua mfano wa Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 124. Honda waliibuni kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo kila siku na kumwona fundi kwa nadra, na nakala zake za Kichina ndizo zilizowafundisha kazi madereva wengi wa bodaboda wa Afrika Mashariki. Kabureta yake ya asili, ya Keihin, ikichakaa, dukani mara nyingi hupatikana PZ26 au PZ27. Ya kwanza huendana na injini ya 125. Ya pili, yenye koo pana zaidi, kwa kawaida hufungwa kwenye injini za 150 na kuendelea. Wapo wanaoamini kwamba koo pana huleta nguvu. Kwa injini ndogo mambo huenda kinyume: hewa hupita polepole kwenye koo hilo, inakosa nguvu ya kunyonya petroli kutoka kwenye jeti, na pikipiki inasita kila inapoondoka. Kwa hiyo ubora wa kazi huanza kuonekana kabla spana haijashikwa, pale fundi anapouliza ukubwa wa injini na kuilinganisha kabureta mpya na ile iliyotoka.

Kabureta yenyewe hukaguliwa mkononi. Slaidi ikiachiwa iteremke kwa uzito wake bila kukwama, wala isicheze pembeni. Sindano iwe imenyooka. Ndani ya njia za petroli na hewa kusiwe na vinyweleo vya chuma vilivyoachwa kiwandani, maana kimoja tu kikichomoka huziba jeti ndogo. Uso unaokutana na injini uwekwe juu ya kioo, ukitikisika, haujanyooka. Kisha zisomwe namba za jeti, na hapa wengi hudanganyika: Keihin huzihesabu kwa upana wa tundu, ilhali jeti nyingi za Mikuni huhesabiwa kwa wingi wa mafuta yanayopita. Jeti ya 100 ya kampuni moja si sawa na jeti ya 100 ya nyingine.

Sasa ufungaji wenyewe. Kati ya kabureta na injini hukaa kipande kinene cha plastiki ngumu kinachozuia joto lisichemshe petroli, pamoja na oringi au gasketi. Fundi mwenye haraka hurudisha oringi ya zamani iliyokauka, kisha hukaza nati kwa nguvu zote ili kuziba pengo. Nguvu hiyo hupinda masikio ya kabureta, na pengo huzidi. Kazi nzuri ina oringi mpya, na nati hukazwa kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule. Ukitaka kuhakikisha, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio wakati injini inanguruma yenyewe. Mlio ukibadilika, hewa inapenya hapo. Fundi anayenyunyizia petroli kufanya jaribio hilo kwenye injini ya moto anacheza na uhai wa watu wote gereji.

Zungusha usukani kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umepitishwa vibaya au umevutwa mno.

Baada ya hapo ndipo dosari inapotafutwa barabarani, na kinachotenganisha mjuzi na mbahatishaji ni kujua kila sehemu ya kabureta inatawala wakati gani. Bandika kipande cha utepe kwenye mkono wa mafuta, weka alama za robo, nusu na robo tatu, kisha endesha ukiangalia ni alama ipi inayoleta shida. Mkono ukiwa karibu kufungwa, jeti ndogo na skrubu ya mchanganyiko ndizo zinazoamua. Kuanzia robo hadi robo tatu ni zamu ya sindano: klipu inayoishikilia ikishushwa tundu moja, sindano huinuka na mafuta huongezeka, ikipandishwa, hupungua. Kutoka robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Pikipiki inayosita kwenye robo ya kwanza haitaponywa kwa kubadilisha jeti kubwa, hata zikijaribiwa zote zilizopo dukani.

Skrubu ya mchanganyiko ina mtego wake. Ikiwa upande wa kichujio cha hewa, inatawala hewa, na kuikaza huongeza ukali wa petroli. Ikiwa upande wa injini, inatawala petroli, na kuikaza huipunguza. Anayeigeuza bila kuangalia iko upande gani anabahatisha.

Plagi hutoa ushahidi, lakini isomwe kwa haki. Rangi ya kahawia hafifu ni njema, masizi meusi ni mafuta mengi, weupe mkavu ni mafuta machache na injini iko hatarini kuungua. Plagi iliyotolewa baada ya pikipiki kunguruma gereji nusu saa inaeleza habari za jeti ndogo tu. Ili kuijua jeti kubwa, panda mlima mkono ukiwa umefunguka, vuta klachi na kuzima injini kwa pamoja, kisha simama ufungue plagi.

Kabureta pia husingiziwa. Pikipiki inayokwenda vizuri dakika chache halafu inakufa huenda ina kifuniko cha tangi kilichoziba tundu la hewa. Ukikifungua ikaendelea, kabureta haina kosa. Vali zilizobana, koki yenye uchafu na kichujio kilichojaa vumbi huleta dalili zilezile. Fundi bora huvikagua hivi kwanza, kisha hubadilisha kitu kimoja kwa wakati, ili ajue ni kipi kilicholeta nafuu.

Mwinuko nao una sauti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Pikipiki iliyorekebishwa vizuri Mombasa ikipelekwa Nairobi itakuwa na mafuta mengi, itoe moshi mweusi na kupoteza nguvu. Huko huenda ikahitaji jeti kubwa yenye namba ndogo zaidi, wala fundi wa Mombasa hakukosea.

Mwisho, angalia makabidhiano. Kazi iliyokamilika huja na karatasi yenye namba za jeti zote mbili, tundu la klipu, na idadi ya mizunguko ambayo skrubu imefunguliwa kutoka ilipobana. Fundi mwingine akiishika pikipiki hiyo mwakani, aanzie hapo badala ya kuanza upya. Mteja anayepewa karatasi hiyo, pamoja na kabureta ya zamani ndani ya mfuko, amlipe fundi huyo bei kamili bila kuvutana.