Uso Umeumbwa na Haya: Msanii na Picha za Kuvizia

Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Sasa msanii anayempiga picha mtu asiyemjua, tena bila kumwambia, haya yake anaipeleka wapi? Najua wapo wenzangu watakaosema hayo ni mambo ya wapiga picha, sisi watu wa fasihi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana.

Tuanze na Mmarekani Walker Evans. Kati ya 1938 na 1941 alikuwa akipanda treni za chini ya ardhi mjini New York, kamera kaificha ndani ya koti. Sehemu zake za kung'aa alizipaka rangi nyeusi, lenzi ikachungulia katikati ya vifungo, na waya wa kufyatulia ukapita ndani ya mkono wa koti hadi kiganjani. Abiria waliokaa mbele yake wamechoka, wanasinzia, wanawaza yao. Kifani, kazi hii ni ya hali ya juu: hakuna anayejitengeneza, hakuna tabasamu la studio.

Lakini tusiishie kwenye fani. Ukweli huo umepatikana kwa kumnyima mtu nafasi ya kumtazama anayemtazama. Mbona basi kitabu chenyewe, Many Are Called, hakikutoka hadi 1966? Mimi nausoma ukimya huo wa robo karne kama haya ya msanii. Tena kinafungwa na picha ya mwanamuziki kipofu akipiga kodiani ndani ya behewa: mtu ambaye, hata kamera ingekuwa nje, asingeiona.

Linganisha na Philip-Lorca diCorcia, aliyetega taa Times Square kati ya 1999 na 2001, akawanasa wapita njia kwa mbali. Mzee mmoja wa Kiyahudi alishtaki, kwa kuwa matumizi hayo ya sura yake yalikwenda kinyume na imani yake. Mwaka 2006 mahakama ikaitupa kesi, moja ya hoja ikiwa kwamba picha ile ni sanaa. Haya, sheria imesema. Ila sheria kumruhusu msanii siyo mzee yule kuridhia.

Na sisi je? Tunapanda daladala, tunasikiliza ugomvi wa kondakta na mama mwenye tenga la samaki, kesho yake hadithi fupi hiyoo! Eti uhalisia. Afadhali kalamu, inaweza kubadili jina na sura; kamera haina uwezo huo.

Sisemi tuache kutazama, jamani. Bila kutazama hakuna sanaa. Nasema haya ile isifukuzwe, kwani ndiyo inayomkumbusha msanii kwamba aliye mbele yake ni mtu, siyo malighafi. Mhakiki naye asiulize tu kazi imefaulu vipi kifani. Aulize pia aliyemo ndani yake ameachiwa nini.