Theluji Iliyotungwa Juani

Kwetu Machame, asubuhi ya Desemba kabla mawingu hayajafunga, ukitoka jikoni macho yanawasha kwa moshi unaiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, juu ya migomba, nyeupe, kimya, kana kwamba ungeweza kuifikia kwa upondo wa kuangulia parachichi. Hakuna mtoto wa kihambani kwetu aliyewahi kuifikia. Mchana jua likichoma kahawa iliyoanikwa uani, theluji bado ilikuwa pale juu, kitu cha kutazamwa tu. Krismasi ikikaribia tulikata tawi la mti, tukalisimamisha kwenye kopo la mchanga, tukalibandika pamba ya duka la dawa. Hiyo ndiyo ilikuwa theluji tuliyoruhusiwa kuishika.

Baba alifanya kazi Tanga. Alikuja mara moja kwa mwaka, tarehe 23 au 24, redio-kaseti begani na kanda ya Jim Reeves mfukoni mwa koti. Betri zikichoka, mwimbaji naye alipunguza mwendo, sauti ikashuka na kushuka hadi ikalingana na besi ya baba mwenyewe, aliyekuwa mwanakwaya wa usharika wetu tangu ujana. Albamu ile, Twelve Songs of Christmas, ilitoka mwaka 1963. Tarehe 31 Julai mwaka uliofuata, ndege aliyokuwa akiiendesha Reeves ilianguka karibu na Nashville, akafa. Kumbe aliyekuwa akituimbia sebuleni alikuwa marehemu tangu kabla baba hajaoa. Sisi hatukujua. Tulichojua ni kwamba anaimba kama mtu anayezungumza na mgonjwa kitandani. Baadaye nilisoma kwamba mwanzoni naye alipaza sauti kama wenzake wa muziki wa kantri, kisha akasogea karibu kabisa na maikrofoni na kupunguza nguvu, mpaka pumzi yake ikawa sehemu ya wimbo. Ule ulikuwa uamuzi wa fundi.

Watu wengi huziweka nyimbo hizi za Krismasi fungu moja na taa za kumetameta za madukani: zinatolewa Desemba, zinarudishwa sandukuni Januari. Ni kweli zimewatajirisha wengi. Lakini biashara imejaribu kila mwaka kutengeneza nyingine, na nyingi hufa kabla ya Pasaka. Zilizobaki zimebaki kwa sababu waliozitunga walijua kazi, na kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyosikika.

Chukua White Christmas. Irving Berlin alizaliwa mwaka 1888 katika dola ya Urusi, baba yake akiwa kiongozi wa nyimbo katika sinagogi, akavushwa bahari hadi New York akiwa mtoto wa miaka mitano. Krismasi haikuwa sikukuu ya dini yake. Noti hakuweza kuzisoma wala kuziandika. Alipiga piano zaidi kwa vibonyezo vyeusi, na piano yake ilifungwa wenzo wa kuhamishia wimbo kwenye ufunguo mwingine, huku msaidizi akiandika kilichosikika. Mtu huyo ndiye aliyetunga tuni ambayo ukiiweka kwenye sol-fa, kama baba alivyokuwa akituwekea nyimbo za kwaya kwa chaki nyuma ya mlango, inashangaza kwa udogo wake. Inaanzia mi. Inachungulia fa, inarudi mi, inashuka nusu toni tu, inarudi tena, halafu inapanda nusu toni kwa nusu toni mpaka so. Ni mwendo wa mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango wa chumba alicholala utotoni. Hata mtu asiyejua neno moja la Kiingereza anasikia kwamba huyu anatafuta kitu, na kwamba hajakipata.

Berlin aliuandikia ubeti wa utangulizi ambao karibu waimbaji wote huuruka. Ndani yake mtu yuko Beverly Hills, jua linawaka, michungwa na mitende imemzunguka, ni tarehe 24 Desemba, na moyo wake uko kaskazini. Ubeti ukiondolewa, jua linatoweka na inabaki hamu peke yake. Naamini kuuondoa kumeusaidia wimbo, kwa kuwa sasa kila msikilizaji anaweka mahali pake anapokosa kitu: kambini, mjini, hospitalini. Bing Crosby aliuimba redioni siku ya Krismasi ya 1941, majuma machache baada ya Marekani kuingia vitani, akaurekodi tarehe 29 Mei 1942. Wanajeshi waliokuwa ng'ambo wakawa wanaomba redio za jeshi ziupige, wengine wakiwa kwenye visiwa vya Pasifiki ambako hapana theluji kabisa. Sahani zilichapwa nyingi mno hata bamba mama likachakaa, na mwaka 1947 Crosby akarudi studio kuurekodi upya, na okestra ileile na waitikiaji walewale, wakijitahidi kila pumzi ikae ilipokaa mwanzo.

Tarehe 25 Desemba 1928 Berlin na mkewe walimpoteza mtoto wao wa kiume ambaye hakuwa ametimiza hata mwezi. Sisemi wimbo ulitoka hapo moja kwa moja. Nasema tu kwamba mtu yule hakuwa na Krismasi nyepesi, na wimbo wake si mwepesi, hata ukipigwa dukani juu ya foleni ya watu wenye vikapu.

Nilipoanza kufuatilia habari za nyimbo hizi, jambo moja lilinigusa kuliko mengine: nyingi zilitungwa kwenye joto kali. Julai 1945, Hollywood ikiungua, Sammy Cahn na Jule Styne waliandika Let It Snow! Mwezi uleule, California hiyohiyo, Robert Wells alikaa na daftari akaandika mistari michache ya baridi na moto wa mekoni, akijaribu kuupoza mwili kwa kuwaza tu. Mel Tormé, kijana wa miaka 19, akayaona yale maneno juu ya piano, na kwa simulizi yake mwenyewe wimbo ulikamilika katika muda wa chini ya saa moja. Ndio The Christmas Song, uliorekodiwa na Nat King Cole mwaka 1946. Sikiliza noti mbili za kwanza tu. Sauti inaruka oktavu nzima kwa neno moja, kisha inateremka taratibu, kama mtu aliyejinyoosha kwenye kiti na kushusha pumzi. Berlin alipapasa, Tormé aliruka.

Aliye na theluji mlangoni huiona kama kazi: achukue koleo, afungue njia, gari limekataa kuwaka. Wa kuiimba vizuri ni aliye mbali nayo. Ndiyo maana nyimbo hizi hazikuwahi kuwa ngeni kwetu chini ya Kibo kama wengine wanavyodhani. Sisi na Wells tulikuwa tunatazama kitu kimoja kutoka upande mmoja, upande wa jua.

Na ufundi wa kutamani una vipimo vyake. Filamu ya Meet Me in St. Louis ya mwaka 1944 ilipokuwa ikitengenezwa, Judy Garland alipewa wimbo wa kumwimbia mdogo wake usiku wa mkesha wa Krismasi. Maneno ya kwanza ya Hugh Martin yalikuwa mazito mno: yalimwambia mtoto kwamba pengine hii ndiyo Krismasi ya mwisho. Garland akakataa, akasema watazamaji wangemwona katili kumwimbia mtoto vile. Martin aligoma kubadilisha, kisha akalegea, akaandika upya. Aliyoandika upya bado yana donge kooni, lakini unaweza kulimeza. Mwaka 1957 Frank Sinatra akaomba mstari mmoja uliobaki na huzuni ufanywe wa furaha, na siku hizi wengi huuimba huo wake. Mimi nabaki na wa 1944. Mstari ule ulikiri kwamba watu hawajakutana bado na itabidi wajikongoje kwanza, nao ndio ulioufanya wimbo uaminike.

Kwa maana mwaka mmoja basi alilopanda baba liliharibika njiani, akalala Mombo. Usiku wa mkesha nyumba haikuwa na redio, kwa kuwa redio ilikuwa naye. Mama akapandisha utambi wa taa ya chemli, akasema, "Basi tuimbe wenyewe, wanangu." Tukaziimba nyimbo za Jim Reeves tuni tupu, Kiingereza hatukukijua. Dada alishika sauti ya kwanza, mama ya pili. Na kila tulipofika mahali ambapo baba huingia na besi, bila kuambiana, tulinyamaza kidogo. Tulimwachia nafasi, kisha tukaendelea.

Tanzania nzima inasema kwamba Wachaga hupanda Kilimanjaro Desemba kwenda kuhesabiwa. Ni kweli tunahesabiwa, na anayehesabu kwa makini huanza na wasiokuwepo.

Wimbo ninaokutana nao kila Desemba, kwenye daladala, saluni na sherehe za watu nisiowajua, ni Mary's Boy Child. Mtunzi wake, Jester Hairston, aliyezaliwa mwaka 1901 huko North Carolina, mjukuu wa watumwa, alikuwa mwalimu wa kwaya. Aliwahi kumtungia rafiki yake wimbo wa siku ya kuzaliwa wenye mwendo wa kalipso. Baadaye Walter Schumann akamwomba wimbo wa Krismasi kwa ajili ya kwaya yake, naye Hairston akauchukua mwendo uleule, akaufungia habari ya Bethlehemu. Walimu wetu wa kwaya hufanya hivyo miaka yote: tuni ya harusi inavishwa zaburi, Jumapili inaimbwa, hakuna anayelalamika. Harry Belafonte, mtoto wa wazazi kutoka Jamaika, akausikia, akaurekodi mwaka 1956. Huko Uingereza mwaka uliofuata wimbo ulishika namba moja na kupita nakala milioni moja.

Belafonte si mgeni kwetu. Ni mmoja wa Wamarekani walioweka majina yao kwenye wito wa kuchangisha fedha za kuwasafirisha wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani mwaka 1959, katika mpango wa mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya. Mwaka 1965 aliiimba Malaika na Miriam Makeba kwa Kiswahili. Kila nikiusikia wimbo wake wa Krismasi nakumbuka kwamba sauti ileile ililijua neno "nakupenda" kwa lugha yangu.

Kisha mwaka 1978 Frank Farian, mtayarishaji wa Ujerumani, akaupeleka kwa Boney M., kundi la vijana wenye asili ya visiwa vya Karibea, akauunganisha na wimbo mwingine na kuuwekea ngoma ya disko. Wapo wanaosema aliuharibu. Mimi naona aliurudisha miguuni, ulikotoka. Hairston alianza na kitu cha kuchezwa, na watu wa Mwanza, Nakuru na Bujumbura wameendelea kuucheza.

Za baadaye nitazipita haraka, ingawa nyingine nazipenda. George Michael alirekodi Last Christmas Agosti 1984 jijini London, akipiga ala zote mwenyewe, juu ya kodi nne za kinanda zinazozunguka toka mwanzo hadi mwisho. Ukiondoa neno Krismasi, ni habari ya kijana aliyeachwa. Huko Uingereza wimbo ulisubiri hadi Januari 2021 kushika namba moja, na mwenyewe alikuwa ameshafariki, Desemba 25, 2016. Brenda Lee alirekodi Rockin' Around the Christmas Tree mwaka 1958 akiwa na miaka 13, na ukafika kileleni mwa chati ya Marekani Desemba 2023, baada ya miaka 65. Sijui kazi nyingine ya mikono inayolipwa kwa uvumilivu hivyo, isipokuwa labda kupanda mkahawa kwa ajili ya wajukuu.

Mwaka jana nilipanda basi la alfajiri kutoka Dar. Baba tulimzika kihambani miaka mingi iliyopita, kanda zake ziko kwenye kopo la maziwa kwa mama, hakuna tena chombo cha kuzipigia. Tulipopita Hedaru jua lilikuwa limesimama, mapazia yote yameshushwa, watoto wamelala wakilowa jasho. Kondakta akachomeka flashi. Boney M. Dirishani pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Rombo ambaye tangu Chalinze hatukuwa tumesema kitu zaidi ya shikamoo yangu na marahaba yake. Kiitikio kilipofika akafungua mdomo kidogo, akaingia na besi. Hakuyaimba maneno, aliishika sauti ya chini tu, taratibu, macho barabarani, na hakukosea hata mara moja.

Baada ya Mwanga akavuta pazia. Mawingu yalikuwa yamefunguka upande wa kaskazini.

"Umeiona?" akaniuliza.

"Nimeiona, baba."

Akaliacha pazia wazi, jua likatupiga usoni sote wawili, akarudi kwenye besi yake.