Nati ya Ekseli Hushikilia, Haivuti

Kuvua gurudumu la mbele la pikipiki ya Boxer na kulirudisha ni kazi fupi. Fundi wa jua kali mjini Kitale huimaliza kabla mteja hajamaliza chai yake, na kijana wa Kiminini mwenye spana mbili huifanya nyumbani, chini ya mparachichi. Kwa kuwa ni kazi nyepesi, watu hawaikagui. Pancha imezibwa, gurudumu linazunguka, hela imetolewa, safari inaendelea. Hata hivyo, sioni mahali pengine kwenye pikipiki ambapo kosa dogo hunyamaza hivyo, halafu likajitokeza siku breki inakamatwa ghafla kwenye mteremko wa Kapsokwony kuelekea Kimilili, abiria akiwa nyuma na gunia la vitunguu likiwa juu ya keria.

Kipimo changu ni kimoja: kazi ya nati ya ekseli ni kushikilia, si kuvuta. Kila kitu kiwe kimeshafika mahali pake kwa mkono kabla spana haijainuliwa. Ukiona fundi anakaza huku miguu ya shoki ikisogeleana, au anasimama juu ya spana ili gurudumu "likae", hapo pana kitu hakijaingia, na nguvu zake zinakificha tu.

Nadhani tabia hii ya kuvuta kwa nati ilitoka kwenye baiskeli. Boda boda zilianza huku magharibi mwa Kenya, mpakani Busia, katika miaka ya 1960, na zilikuwa baiskeli. Pikipiki zilipozidi kuingia baada ya serikali kuondoa VAT kwa zile zisizozidi cc 250 mwaka wa 2008, mafundi wengi wa baiskeli waliongeza spana kubwa na kuendelea na kazi. Gurudumu la baiskeli unalipima katikati ya foku kwa jicho, kisha unalibana pande zote mbili. La pikipiki limepimwa tayari kiwandani: bushi ya upande mmoja, kifuniko cha breki upande wa pili, na ndani ya habu kuna bushi ndefu inayotenganisha beringi mbili. Jicho halina la kupima hapo. Vitu hivyo vikiwepo vyote na vikikaa sawa, gurudumu litakuwa katikati hata fundi akiwa amefumba macho.

Anza kukagua kabla kitu hakijafunguliwa. Pikipiki imesimama kwenye stendi kubwa, mahali tambarare, na sehemu ya mbele imeinuka bila kutikisika. Nyumbani, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukifungwa kwenye keria huikalisha nyuma vizuri, na huku Trans Nzoia hakuna boma linalokosa mfuko wa namna hiyo msimu wa kupanda. Wengine husukuma gogo chini ya injini, na hilo pia ni sawa, mradi lisibebe bomba la moshi. Fundi anayemwambia mtoto ashike usukani ili pikipiki isianguke, huyo mwache.

Kisha tazama vitu anavyoviweka chini. Kebo ya breki hufunguliwa kwanza, ikifuatwa na ya spidomita, halafu nati, halafu ekseli. Fundi mzuri hupanga vipande juu ya kitambaa kwa mfuatano aliovitoa, na ile nati ndogo ya kurekebisha breki huirudisha kwenye kebo yake papo hapo, pamoja na springi, ili isipotee nyasini. Ekseli ikigoma kutoka, hugongwa kupitia kipande cha mbao. Nyundo ikipiga chuma moja kwa moja, ncha huvimba kama uyoga na nyuzi za nati huharibika. Ukinunua pikipiki iliyotumika pale Bungoma, angalia hiyo ncha kabla ya kuuliza chochote kuhusu injini. Tazama na kona za nati: zikiwa zimeviringika, imepita mikononi mwa mtu wa spana malaya.

Gurudumu likiwa chini, hapo ndipo fundi wa kweli hujitenga na mziba pancha. Huingiza kidole kwenye beringi na kuzungusha ile pete ya ndani. Ikizunguka laini, nzito kidogo kwa sababu ya grisi, ni nzima. Kidole kikihisi chembechembe kama mchanga, beringi imekwisha, hata kama bado haijaanza kupiga kelele. Matope mekundu ya barabara za mashambani hupenya pale mpira wa kuzuia uchafu ulipochanika, kwa hiyo mpira nao huangaliwa. Vumbi la breki hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Kulipuliza kwa mdomo ni ujinga, maana breki shuu nyingine bado hutengenezwa kwa asbesto. Na grisi hupakwa kwa kubania: utando mwembamba kwenye ekseli, kidogo kwenye gia ya spidomita, lakini hata tone lisifike mahali shuu zinapogusa chuma.

Sasa kurudisha, na hapa ndipo penye uhai wa mtu. Kwenye mguu wa shoki wa Boxer, na wa pikipiki nyingi za breki ya ngoma, kuna jino la chuma. Kifuniko cha breki kina mfuo unaolipokea. Jino hilo ndilo linalozuia kifuniko kisizunguke pamoja na gurudumu unapokamata breki. Fundi mwenye haraka anaweza kuingiza ekseli, kukaza nati na kuondoka huku jino likiwa nje ya mfuo. Gurudumu litazunguka vizuri kabisa. Ila siku ya breki kali, kifuniko kitageuka, kitang'oa kebo, na gurudumu linaweza kufunga kabisa ukiwa kwenye mwendo. Usikubali kuambiwa. Chuchumaa, uone kwa macho jino likiwa ndani ya mfuo. Kama giza limeingia, tumia tochi ya simu.

Gia ya spidomita ina masikio madogo yanayopaswa kuingiana na habu. Gurudumu huzungushwa taratibu kwa mkono mpaka kifuniko kishuke chenyewe na kukaa wima bila kuyumba. Kikikaa upande, halafu nati ikakivuta, masikio hupondeka na mshale wa spidomita hulala sifuri milele. Pikipiki ngapi zinazopita Kanduyi spidomita zao zimekufa? Siamini kwamba zote ni uzee.

Kabla ya kukaza, fundi bora hufanya jambo ambalo wengi hawalijui. Hulizungusha gurudumu, hubana breki ya mbele kwa nguvu na kuishikilia hivyo, kisha ndipo hukaza nati. Shuu zikiwa zimebana, kifuniko hujipanga katikati, na baadaye breki hushika kwa upana wote badala ya kona moja. Ukimwona mtu anafanya hivi bila kuambiwa, hifadhi namba yake.

Halafu kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote. Zungusha gurudumu nati ikiwa imefika kwa vidole tu, usikilize. Kaza nati kikamilifu, zungusha tena. Lazima mizunguko iwe ileile. Likiwa huru mwanzoni na zito baadaye, basi bushi ndefu ya ndani haipo, ni fupi, au beringi hazikugongwa mpaka mwisho. Fundi wa kubahatisha atalegeza nati kidogo ili lizunguke, naye atakuambia, "Iko sawa, mzee." Haiko sawa. Nati iliyolegezwa kwa makusudi itaendelea kulegea yenyewe kwenye rasta za kwenda Endebess.

Mengine ni mepesi. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise: likicheza peke yake ni beringi, likicheza pamoja na shoki ni beringi za shingo. Mkono wa breki uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kushika. Mshale uliochorwa kwenye tairi uelekee mbele. Kotapini, kama pikipiki yako inayo, iwe mpya, si msumari uliokunjwa. Kwa pikipiki za breki ya diski kuna onyo moja: gurudumu likiwa nje, asiguse mtu mkono wa breki, maana pedi zitafunga na diski itakataa kuingia.

Jaribu kwanza kwenye barabara tulivu, polepole, ukikamata breki kidogo kidogo. Ukiwa umekwenda kilomita chache bila kuitumia sana, simama uguse habu kwa mgongo wa kidole. Vuguvugu ni kawaida. Ikikuchoma, breki inakwaruza, legeza ile nati ndogo ya kebo mizunguko miwili. Kesho yake asubuhi pitisha spana tena kwenye nati ya ekseli; ikikubali kusogea hata robo mzunguko, rudi kwa aliyeifunga.