Namba 431: Spea Hutambulika kwa Mahali Ilipounganishwa

Adapta nyingi hutupwa zikiwa bado zinatengenezeka. Fundi hukuta kidude cheusi asichokijua, akakosa jina lake, kazi ikaishia hapo. Hasara hiyo inaepukika, kwani jina linaweza kupatikana hata bila mchoro wa kiwandani. Tuchambue adapta moja ya volti 12, ya aina inayotumika kwenye ruta na kamera za ulinzi, ambayo volti zake zilikuwa zikipanda na kushuka. Upande wa kutolea umeme palikuwa na kidude cha miguu mitatu, urefu wake kama milimita 3, kimeandikwa 431 basi.

Kazi ilianza kwa usalama. Adapta ilichomolewa, kisha kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani ikamaliziwa chaji kupitia rezista. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye dayodi na kuwa DC, kapasita hiyo hufikia volti 320 na zaidi, na chaji inaweza kubaki humo hata baada ya adapta kuchomolewa.

Namba peke yake inapotosha. Kwa kanuni ya rezista, 431 ni 43 ikifuatwa na sifuri moja, yaani omu 430. Lakini rezista ya kawaida ina miguu miwili. Umbo la miguu mitatu nalo ni la wengi: transista, mosfeti, dayodi mbili zilizofungwa pamoja, hata vidhibiti volti. Maandishi ya bodi yalisaidia zaidi. Kwa desturi ya watengenezaji, R ni rezista, C kapasita, D dayodi, Q transista, na U ni chipu. Hapa paliandikwa U3. Aliyebuni bodi hakukihesabu kidude hiki kuwa transista.

Ushahidi wenye uzito ulitoka kwenye njia za shaba. Mita iliwekwa kwenye kipimo cha mlio, kila mguu ukafuatiliwa hadi unakoishia. Mguu ulio peke yake upande mmoja ulikwenda kwenye hasi ya kutolea. Wa pili ulikwenda kwenye optokapla, kile kifaa cha miguu minne kinachovuka mpaka kati ya umeme wa ukutani na umeme wa kutolea, kikipeleka taarifa kwa mwanga. Wa tatu ulifika mahali rezista mbili zinapokutana: moja inatoka kwenye chanya ya volti 12, nyingine inashuka kwenye hasi.

Mpangilio huo unaitambulisha TL431, chipu iliyoletwa sokoni na Texas Instruments miaka ya 1970. Hulinganisha volti za mguu wake wa rejea na kipimo cha ndani cha karibu volti 2.5. Volti zikizidi hapo, hupitisha mkondo, optokapla huwaka, na upande wa ukutani hupunguza nguvu.

Dhana hiyo ilipimwa kwa hesabu. Rezista ya juu iliandikwa 57C, ya chini 01C. Katika mfumo wa thamani 96, tarakimu mbili ni nafasi kwenye jedwali na herufi ni kizidisho: 57 ni 383, 01 ni 100, na C ni mara 100. Tunapata omu 38,300 na omu 10,000. Gawanya ya juu kwa ya chini, ongeza 1, zidisha kwa kile kipimo cha ndani, 2.495: jibu ni volti 12.05. Transista ya kawaida, inayoamka kwenye volti 0.6 au 0.7, isingeelezea kwa nini thamani hizo zilichaguliwa.

Jaribio la mwisho halikuhitaji umeme wa ukutani. Pawasaplai ya mezani, mkondo wake ukiwa umewekewa kikomo kidogo, iliunganishwa kwenye waya wa kutolea na volti zikapandishwa taratibu. Zilipopita 12 kidogo, mguu wa optokapla ulianguka hadi karibu volti 2. Kidude kilikuwa kizima. Ugonjwa ulipaswa kutafutwa kwingine, kuanzia kwenye kapasita za kutolea.

Kama kingekuwa kibovu, tahadhari moja ingebaki. TL432 hufanya kazi ileile, ila katika umbo hili mguu wa rejea na wa optokapla hubadilishana nafasi, na mpangilio hutofautiana pia baina ya viwanda. Datashiti ya spea mpya lazima ilinganishwe na njia za bodi yenyewe kabla ya kulehemu.

Ndiyo maana nasisitiza utaratibu huu kwa mafundi vijana: maandishi yakupe dhana, njia za shaba ziipe nguvu, hesabu na kipimo viithibitishe. Kisha chora kipande hicho cha saketi kwenye daftari la karakana, pamoja na thamani za rezista. Bodi inayofuata yenye 431 haitamsumbua atakayelifungua daftari hilo.